Sinema Bubu za Mama Simel

Vile vitambaa vya shingoni anavyovaa Mama Simel ninavishona mimi. Watu wapya wakimwona hapa Sakina, Arusha, wanadhani ni urembo, wengine wameshaniomba niwashonee vya kwao. Si urembo. Vinafunika tundu alilotobolewa hospitalini, ambalo ndilo anapumulia. Nachagua pamba nyepesi isiyomziba pumzi, na pindo napiga kwa uzi wa rangi, kwa sababu sioni kwa nini mgonjwa avae kigonjwa-gonjwa. Mimi ni Mama Ndesanjo, jina la ubatizo Pudensiana, Mchaga wa Kibosho. Meza yangu ya cherehani iko ukuta kwa ukuta na banda lake la video, kando ya barabara ya Nairobi, na kwa miaka yote hiyo nimesikia kila neno lililosemwa humo ndani nitake nisitake.

Jina lake hasa ni Nashilu, Simel ni mwanawe wa kwanza. Ni Mwarusha wa Olmotonyi, Mlutheri wa kuimba sauti ya kwanza, mjane wa muda mrefu. Marehemu mumewe ndiye aliyefungua banda. Alikuwa akionyesha sinema za kigeni za ngumi na bunduki, na kijana mmoja wa mjini alikuwa akikaa na maiki kando ya kioo, akiwatafsiria watazamaji. Mume alipofariki yule kijana akadai kila kitu kiwe nusu kwa nusu. Nashilu akamfungulia mlango atoke, akaishika maiki mwenyewe. Wanaume walicheka. Nakumbuka mmoja alimwambia arudi akakamue ng'ombe. Alimjibu kwa maiki, banda zima likasikia, na sitayaandika hapa aliyomjibu kwa sababu nakwenda kanisani.

Alikuwa na mdomo yule mama. Sauti yake ilikuwa nene kidogo, ina mkwaruzo, na ilijua kunong'ona kwa namna ambayo hata mimi huku nje na mguu wangu kwenye pedali nilisimamisha cherehani. Jambazi wa Kichina akiingia kwake alikuwa Lemburis kutoka Terrat. Polisi wa Kimarekani alikuwa shemeji yake Lemburis, na ndiyo maana hamkamati. Watu walikuwa wanavunjika mbavu.

Kisha wakaja wakaguzi, watu wa adabu tu, wakauliza kibali cha kila sinema anayoonyesha. Hakuwa nacho hata kimoja. Kwani nani alikuwa nacho? Wakamwambia kila sinema ina mwenyewe, na mwenyewe hajakubali ionyeshwe hapa, kwa hiyo aache. Akaacha. Banda likafungwa, akawa anakuja kukaa kwangu anatazama magari ya Namanga yanavyopita, na mimi nikajua sasa huyu atanifia hapa hapa kwa huzuni.

Aliyetuokoa, au tulidhani ametuokoa, ni Agnela. Ni wakili kijana, binti wa watu wa Marangu, aliyeniletea joho lake la mahakamani nilipunguze mikono. Alimkuta Nashilu amejiinamia, akasalimia, akauliza, akaelezwa.

"Lakini mama, hakimiliki nayo ina umri," akasema. "Haidumu milele. Zile sinema za mwanzo kabisa, za kabla watu hawajajua kutia sauti, nyingi muda wake umeshakwisha. Zimekuwa mali ya umma."

"Umma ndiyo nani?" Nashilu akauliza.

"Wewe. Mimi. Mama Ndesanjo hapa. Mtu yeyote anaonyesha, anakata, anaunga, anatia maneno. Haombi ruhusa kwa mtu."

Nashilu alimtazama kama anayeambiwa kuna ng'ombe wanazurura bila alama ya ukoo masikioni, na mtu mzima aliye timamu anamwambia aswage tu apeleke kwake. Kwa Waarusha habari ya namna hiyo humwamini mtu. Akamuuliza mara ya pili na ya tatu. Agnela akacheka, akaahidi kutafuta na kuhakiki moja moja mwenyewe, na kweli alifanya hivyo, mtoto wa watu, akamletea kwenye flashi.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Watu walilipa kiingilio wakaingia, taa zikazimwa, wakaona wazungu wa kijivu wanafungua midomo na hakitoki kitu, ila piano inapigwa kwa nyuma. "Hawa ni mabubu?" mmoja akapiga kelele. "Tumelipia mabubu?" Wakaanza kuinuka. Nashilu akaishika maiki, akasema kwa ile sauti yake ya chini: "Kaeni. Huyu mama mnayemwona anaitwa Nalepo, na huyo mwenye kofia anayebisha hodi amekuja kumnyang'anya shamba."

Wakakaa.

Siwezi kueleza vizuri ilikuwaje, lakini nitajaribu. Katika sinema ile kulikuwa na mwanamke mwenye shali, nyumba ya mbao, theluji nyingi, na mbuzi mmoja. Kila baada ya muda yalitokea maandishi ya Kiingereza ya kueleza mambo. Kiingereza cha Nashilu kiliishia darasani. Maandishi yakitokea alikuwa akisema, "Hiyo ni barua ya halmashauri, haituhusu," na kuendelea. Agnela aliniambia baadaye kwamba kwa mujibu wa maandishi yale, mtu mwenye kofia ni mjomba wa yule mwanamke, amekuja kumchukua amtunze. Kwa Nashilu alikuwa mwizi wa ardhi anayetaka shamba la mlimani. Mwishoni mwanamke anapanda treni na mjomba wake. Kwa Nashilu anakwenda mjini kumshitaki, na amemshika mkono ili asikimbie. Akina mama walisimama wakapiga vigelegele. Wewe niambie, hadithi hiyo ni ya nani?

Basi Jumapili baada ya ibada banda lilikuwa linajaa wanawake, wengine wameteremka kutoka Olmotonyi na kanga zao za kwaya, na wazee ambao maisha yao yote hawakuwahi kuingia banda la video kwa sababu palikuwa pa wahuni. Ilikuwa miaka mizuri. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba ilikuwepo.

Koo lilianza kama mafua. Alikunywa tangawizi na asali, akapunguza maiki, sauti ikazidi kukwaruza. Watu wakaisifu, wanadhani ni ufundi. Alipokubali kwenda hospitalini ilikuwa saratani, na imeshika kisanduku cha sauti chenyewe. Daktari hakumficha. Alimwambia wanaweza kuitoa, na kwamba anaweza kuishi, lakini sauti itaondoka nayo yote, hata mnong'ono hautabaki.

Alirudi akaja kukaa kwenye kiti changu cha wateja. Bintiye Silantoi alikuwa na mimba ya kwanza wakati huo. Nashilu akasema, "Mama Ndesanjo, nitakatwa. Ila mjukuu wangu atanisikia. Nitaongea kwanza, nimalize maneno yote, ndipo nikakatwe."

Hilo ndilo alilotaka. Hakutaka kingine.

Akamwita Lucky, fundi simu wa pale jirani, amwonyeshe namna ya kurekodi. Lucky akamvalisha visikilizio masikioni, akamwambia sinema itacheza kimya, yeye aseme maneno peke yake kwenye chumba kitupu, ndiyo yatatoka safi. Nashilu akajaribu. Ilikuwa vibaya. Alisikika kama mzee wa kanisa anayesoma matangazo. Akavivua vile visikilizio akamrudishia.

"Mimi siongei na ukuta," akasema. "Nataka watu wangu, na nataka kinanda changu. Kile ndicho kinanipa pumzi."

Kinanda ni ile piano. Na kweli nilikuwa nimesikia tangu huku nje jinsi alivyoiegemea, anasubiri ipande naye anapanda, ikitulia anateremka nayo. Basi wakafanya kwa namna yake. Walifunga simu kwenye kijiti mbele ya kioo, spika zikafunguliwa, banda likajaa, akasimama na maiki akatia maneno kama siku zote. Jumapili baada ya Jumapili, sinema moja moja, na koo linamuuma hivi kwamba katikati alikuwa akigeuka ukutani, anameza, anarudi. Maneno, kicheko cha watu na piano vikaingia pamoja kwenye kitu kimoja.

Simu yake ilikuwa ndogo, inajaa upesi. Lucky alikuwa amemfungulia ukurasa mtandaoni, pamoja na anuani ya barua pepe maana bila hiyo ukurasa haufunguki. Sinema moja ikishapanda mtandaoni, Nashilu anaifuta kwenye simu kupisha nyingine. Ndivyo tunavyofanya wote. Picha za harusi ya mwanangu mwenyewe ziko huko huko. "Iko juu," alikuwa akisema. "Huko haiungui, haiibwi, panya haili." Ile barua pepe hakuna aliyeifungua tena. Mimi ya kwangu nayo sijui hata inaitwaje. Lucky akafunga kibanda akaenda Mirerani kutafuta bahati kwenye mawe ya tanzanite.

Akakatwa. Akapona, kwa maana wanayoitumia wao madaktari.

Mtoto wa Silantoi alizaliwa wa kike, wakamwita Nalepo, na hapakuwa na haja ya kuuliza jina limetoka wapi. Alipoanza kukaa, mama yake alikuwa akimwekea simu mbele na sinema ya theluji. Kuna mahali mwenye kofia anapanda ngazi za nyumba, na ile sauti inasema kwa kunong'ona, "Nalepo, mwanangu, usifungue. Nalepo, niko hapa." Mtoto alikuwa akisikia jina lake anainua uso, anatafuta. Nashilu anakaa pale pale pembeni na kitambaa changu shingoni, anamtazama mtoto anavyomtafuta. Nilishuhudia mara nyingi na sikuwahi kuzoea. Ilikuwa inauma, lakini ni maumivu ya kitu ambacho unacho.

Siku lilipotokea lile jambo, Silantoi na mama yake walikuwa kwangu. Silantoi akafungua simu, akaguna. Mahali pa sinema palikuwa na kijivu na maandishi. Akafungua nyingine, kijivu. Zote. Nikamwambia ni mtandao, bando limekwisha, mlima una mawingu, nilisema kila upuuzi. Nashilu alikuwa ameshasimama.

Agnela alikuja jioni hiyo hiyo kutoka mahakamani, akakaa kwenye benchi langu na simu ya Silantoi mkononi, akasoma kwa muda mrefu. Alipomaliza alikuwa amebadilika rangi.

"Zimeondolewa, kuna watu wamelalamika. Sinema ni ya umma," akasema. "Hilo hawabishi. Maneno ni ya mama, nalo hawabishi. Ni piano."

"Piano imefanyaje?" nikauliza.

"Sinema zile zilikuwa hazina sauti kabisa, mama. Zamani mtu alikuwa anakaa ukumbini anapiga mwenyewe, watu wakitoka na muziki umeisha. Hii piano tuliyokuwa tunasikia imewekwa juzijuzi. Kuna mtu kaitunga, kakaa studio, karekodi. Yuko hai. Ana kampuni inayomsimamia. Mimi nilihakiki picha, sikuhakiki piano." Akaifunika midomo yake kwa kiganja. "Nisamehe, mama."

Nashilu alimshika bega. Mimi nisingemshika bega, nasema ukweli, nilikuwa na hasira na kila mtu. Lakini hasira yenyewe ikakosa pa kutua. Nilitaka awepo mwizi. Nilitaka mzungu mwenye kofia. Kumbe kuna mpiga piano tu mahali, naye ana watoto, naye amekaa akapiga kwa vidole vyake, na mtu kamchukulia kazi bila kumwuliza. Ingekuwa vitambaa vyangu ningefanya hivyo hivyo.

Wakampata Lucky kwa simu huko Mirerani, akalikumbuka neno la siri la ile barua pepe. Maonyo yalikuwa humo, moja baada ya jingine, ya miezi mingi. Yalikuwa yanasema kwa upole kabisa kwamba tafadhali ondoa muziki huu, tafadhali jibu, una muda hadi siku fulani. Yalikuwa yamekaa humo wakati mtoto anajifunza kukaa, na sisi hapa tunaangalia theluji.

Agnela akaandika kwa kampuni. Akaeleza yote, ugonjwa, mtoto, kwamba hakuna nakala nyingine duniani. Kwa kweli walijibu. Walisema wamesikitika. Walisema mama anaweza kuzirudisha sinema zote wakati wowote apendapo, kwa sharti kwamba sauti iondolewe yote, kwa kuwa muziki wao umechanganyika nayo. Picha ni ya umma, hawana neno nayo. Agnela akaomba basi wapewe nakala moja tu, ya kusikiliza nyumbani, si ya kuonyesha mtu. Kampuni ikasema nakala haina, zilizoondolewa ziko kwa wenye mtandao. Wenye mtandao wakasema kitu kilichoondolewa kwa malalamiko ya hakimiliki hakitolewi. Akaandika tena, likarudi jibu lile lile neno kwa neno, na tukaelewa kwamba hakuna mtu aliyekuwa anasoma.

"Tuzirudishe bila sauti?" Agnela akamuuliza. "Angalau banda lifunguliwe."

Nashilu akatikisa kichwa. Akachukua chaki yangu ya kukatia nguo, akaandika kwenye kipande cha kitambaa cheusi: WANAWEZA KUZIONA KWINGINE. Ilikuwa kweli. Zile picha zimejaa kila mahali, za bure, mtu yeyote anazo.

Ndipo Silantoi akapata wazo la watazamaji. Watu wote wale, Jumapili zote zile, haiwezekani hakuna aliyerekodi. Tukazunguka. Nilifunga cherehani nikazunguka naye Sakina yote, tukapanda Olmotonyi hadi kwa wale akina mama wa kwaya, tukauliza hata vijana wa chuo cha misitu waliokuwa wakija kukaa nyuma. Shikamoo huku, takwenya kule, samahani, una simu ya zamani, una kadi ya zamani? Jibu lilikuwa moja. Hakuna aliyethubutu. Nashilu alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko jingine lolote. Wenye mabanda wengine walikuwa wakituma watu waibe tafsiri zake, kwa hiyo akiona mwanga wa simu kwenye giza alisimamisha sinema nzima na kumtoa mtu nje. Kila tuliyemuuliza alituambia hivyo kwa kicheko, kisha akakumbuka kwa nini tunauliza.

Alikuwapo mmoja. Mzee Lemomo, fundi magari, alitupigia wakati tulishaacha kutafuta. Kwenye simu yake ya zamani iliyopasuka kioo ameona kitu, hajui kama kitafaa. Silantoi alikimbia, na mtoto mgongoni. Wakaja nacho kwangu, kwa sababu Nashilu alikuwa kwangu.

Tukakiweka mezani juu ya nguo. Giza, vichwa vya watu, kioo kinacheza kwa mbali, piano. Halafu sauti ikatoka, ile ile, nene, ya mkwaruzo, kubwa kuliko nilivyoikumbuka.

"We mwenye simu! Zima! Nimesema zima, toka nje! Toka! Sitaki kukuona humu!"

Basi. Picha ikageuka, likaonekana paa, ikakatika.

Mzee Lemomo alikuwa anatazama viatu vyake. Silantoi akairudia. Alikuwa analia na kucheka, akamwelekezea mtoto simu usoni, "Nalepo, msikie koko, huyo ni koko wako, bibi yako, sikia!" Sauti ikafoka tena, toka, sitaki kukuona humu, na mtoto akashtuka, akaukunja uso, akaangua kilio akijificha kifuani kwa mama yake. Silantoi akasema atazoea. Akairudia mara nyingine. Mtoto akalia zaidi, akawa anaisukuma simu kwa mikono miwili.

Nashilu alinyoosha mkono. Silantoi akadhani anataka kusikiliza kwa karibu, akampa. Nilimwona anavyoishika ile simu, kidole gumba juu ya kioo kilichopasuka, na nikajua, na nikasema, "Mama Simel, usithubutu. Hicho ndicho pekee." Alinitazama. Macho yake yalikuwa makavu. Akamwonyesha mtoto kwa kidevu, namna alivyokuwa amejificha, halafu akafuta.

Silantoi alipiga ukelele hadi wapita njia wakageuka. Mimi nilimgombeza Nashilu kwa Kiswahili, nikamgombeza kwa Kichaga ambacho haelewi, nikamwambia ni mchoyo, kwamba sauti ile haikuwa yake peke yake bali yetu sote. Hakuwa na jinsi ya kunijibu, na hilo likanikasirisha zaidi. Aliniacha nimalize. Kisha akamchukua mtoto, akambembeleza kwa kumpigapiga mgongoni mpaka akanyamaza, wakatoka wakaenda zao.

Sijapoa mpaka leo, ingawa vitambaa naendelea kumshonea. Banda amepangisha, sasa linauza vipuri vya pikipiki. Nalepo anatembea, na anashinda hapa kwangu na bibi yake wakati Silantoi yuko kazini. Akizidi kwenda mbali Nashilu humpigia makofi kumwita, na mtoto hugeuka akarudi. Juzi nilimwita mimi kwa jina, kwa sauti, nikitaka nimvalishe sweta. Alisimama kwa mbali akanitazama, akajua nimemwita. Hakuitika. Aliinua mikono yake miwili akapiga makofi.